Masika Niliyomtangaza Mume Wangu

2 Machi

Leo ni siku ya arobaini na tatu tangu niolewe, na bado nikiamka kitu cha kwanza namgeukia mume wangu nione kama yupo kweli. Yupo! Amelala mdomo wazi kidogo, na hata hivyo ni mzuri.

Daftari hili alinipa Letisia, msimamizi wangu wa harusi. Ndani ya jalada ameandika: "Andika furaha, mdogo wangu. Shida hujiandika zenyewe." Basi naandika. Furaha yangu inaitwa Elikana, mzaliwa wa Lumuma, mwenye diploma ya mifugo, mikono mikubwa na sauti ndogo. Tumepanga chumba kimoja na fremu ya biashara hapa Mikumi, nyuma kidogo ya barabara kuu. Juu ya mlango wa fremu amepaka rangi maneno mawili tu: ELIKANA, MIFUGO. Nilimuuliza, "Na namba ya simu?" Akasema, "Anayenitafuta ataniuliza."

Mvua imeanza saa tisa mchana. Asante Mungu kwa bati lisilovuja.

5 Machi

Amepigiwa simu na meneja wa ranchi moja kubwa huko Katavi. Kazi ipo, wanamtaka. Lakini mwaka wa kwanza wafanyakazi wanakaa kambini, na wake hawaruhusiwi. Anatakiwa kujibu kabla Mei haijaisha.

Elikana aliniambia akiwa anafunga kamba za viatu, hakuniangalia usoni. "Tukipata wateja wa kututosha hadi masika yaishe, siendi. Tusipopata, Vai, itabidi."

Nikasema nakwenda kuanua nguo. Zilikuwa hazijakauka.

8 Machi

Mvua. Hakuna mteja. Tumekula viazi na chumvi, tukacheka sana, sikumbuki tulicheka nini.

12 Machi

Mteja! Mama mmoja alikuja na mbuzi wake amemfunga kamba, tumbo limevimba. Mume wangu akachuchumaa, akamgusa, akasikiliza, akauliza amekula nini tangu jana. Kisha akasimama.

"Mama, huyu hana ugonjwa. Amekula maganda ya mihogo kupita kiasi. Mtembeze, mpe maji kidogo kidogo. Kesho usipomwona anacheua, nipigie."

"Sindano je?"

"Haihitaji."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

Yule mama akaondoka amenuna, kama aliyenyimwa haki yake. Costancia, jirani yetu mwenye duka la vipodozi, alikuwa amesimama mlangoni kwake akiona yote. Akanijia mbio.

"Shoga, mumeo kijana mzuri, sikatai. Lakini anafukuza wateja kama anafukuza ndege kwenye mpunga."

Nilimtetea. Lakini jioni nilipokuwa naosha vyombo nilijiuliza: na je, kama ni kweli?

15 Machi

Costancia ana watu zaidi ya mia tatu wanaotazama status zake kila siku. Anauza rangi ya kucha hadi Kilosa mjini bila kutoka kwenye kiti. Namwona mwanamke wa ajabu. Amesema kitu kimoja tu kinachotupungukia ni video.

Basi tukafanya video. Elikana alivaa shati la harusi. Huyu ni mwanaume anayeingiza mkono ndani ya ng'ombe hadi begani, ng'ombe akimpiga mateke, naye anamwimbia. Lakini Costancia alipoinua simu, jasho lilimtoka mpaka kola ikalowa. "Mimi ni... naitwa... mimi ni mtaalamu..." Mara sita. Mara ya saba akakaa chini.

"Nisameheni," akasema. "Najiona kama niko mnadani, na ng'ombe ndiye mimi."

Costancia alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka. Chakula cha mchana hakukigusa.

16 Machi

Mvua kubwa. Nimempikia ndizi za nazi. Amekula. Asante Mungu.

22 Machi

Siku nzuri kuliko zote tangu harusi! Amenichukua kwenye pikipiki mpaka upande wa Ulaya, kile kijiji cha hapa Kilosa, kwa Mzee Saning'o, mfugaji, ambaye ndiye mteja wake wa kwanza na wa kudumu. Nilimshika kiuno njia nzima. Tope liliruka hadi kwenye nywele zangu na sikujali. Mashamba yote ni ya kijani, mahindi yamefika kifuani, na kila tulipopita watu walikuwa wanapalilia, wakituinulia mikono.

Mzee Saning'o ni mrefu, amevaa shuka na buti za mvua za njano. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama mume wangu ananipiga. Nikasema hapana, mzee. Akasema, "Basi bado hujamkosea." Mke wake, Mama Naserian, akampiga kwa kitambaa na kunipa maziwa ya moto, mazito, yananukia moshi.

Elikana alifanya kazi saa nyingi, ng'ombe wote wanachanjwa mmoja mmoja. Mimi sikuwa na la kufanya, nikakaa karibu na mlango wa zizi na kuwahesabu wakitoka. Sitini na wanne. Nikapiga na picha: mume wangu katikati ya pembe zote zile, amenyanyua uso anacheka. Kama mfalme.

23 Machi

Nimefanya kitu cha siri kwa ajili yake. Costancia amenisaidia maneno, nami nikaweka ile picha. Tumeiweka kwenye status ya Costancia na yangu, na kwenye kundi la wakulima na wafugaji, namba ya Elikana chini yake:

"DAKTARI ELIKANA, BINGWA WA MIFUGO! HAKUNA UGONJWA UNAOMSHINDA! JANA AMEHUDUMIA NG'OMBE 64 WA MZEE SANING'O WA ULAYA! WAHI SASA!"

Moyo unanidunda kama siku ya ndoa.

25 Machi

Simu nne! Elikana anashangaa, anauliza watu wamepata wapi namba. Nimekaa kimya, natabasamu. Nitamwambia zikifika kumi.

28 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi alikuwa anaosha vifaa, mikono ina povu, simu ikalia. Akaniambia niweke spika. Alikuwa Mzee Saning'o.

"Daktari."

"Shikamoo, mzee wangu."

Hakuitikia. Akasema, "Ng'ombe wangu ni wangapi?"

"Sijui, mzee. Sijawahi kuwahesabu."

"Hujui wewe? Shemeji yangu yuko Kiteto, anajua. Amenipigia kunipongeza. Kijana wa mnadani anajua. Mimi sijawahi kuitamka idadi hiyo hata mbele ya wanangu niliowazaa, lakini kila mwenye simu anayo. Na leo alfajiri ndama amekufa, na mwingine hasimami. Usije tena kwangu."

Akakata.

Elikana alinigeukia, akanikuta nimeshika khanga mdomoni. Nilimwonyesha tangazo. Akalisoma taratibu, povu linakauka mikononi. Nilitamani apige kelele. Hakupiga. Akakaa kwenye kreti la soda.

"Vai, nilikuwa na mtu mmoja ananiamini. Huyo ndiye alikuwa tangazo langu."

Nikasema nilitaka asiende Katavi, ndiyo sababu. Akasema anajua. Kisha akasema jambo lililoniuma zaidi: "Umeandika hakuna ugonjwa unaonishinda. Yapo yananishinda kila wiki. Wale wanne waliopiga simu, mmoja ng'ombe wake alishakuwa wa kufa. Akaniuliza, si mmesema? Sikuelewa anasema nini. Sasa nimeelewa."

Kwetu Mamboya, milimani, baba yangu huhesabu mbuzi kila jioni wakiingia, kwa sauti, nyumba nzima inasikia, na akimfikia wa mwisho husema, "Ahsante Bwana." Tangu mtoto najua kuhesabu ni kushukuru. Sikuwahi kufikiri kuna watu ambao kwao kuhesabu ni kuita msiba.

Nimefuta. Costancia naye amefuta. Lakini watu walishatumiana.

29 Machi

Mvua. Hatukuongea sana. Alinifunika blanketi akidhani nimelala.

30 Machi

Costancia alikuja na chapati chini ya mwavuli. Hakuwa na maneno yake. "Shoga, nisamehe. Mimi nauza rangi ya kucha. Rangi ya kucha haina ukoo, ukiisifia haiudhi mtu." Nilikuwa nimejiandaa kumnunia, nikashindwa. Tulikula wote watatu. Mume wangu ndiye aliyemkaribisha kiti.

1 Aprili

Nilimwambia Elikana kosa ni langu, kwa hiyo nitakwenda mwenyewe kuomba msamaha. Akasema, "Tutakwenda." Neno hilo moja!

Pikipiki ilikwama kwenye tope kabla hatujafika. Tuliiacha kwa watu na kutembea, viatu mkononi. Mzee Saning'o alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni anachonga mpini wa shoka.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Akaendelea kuchonga. Shikamoo yangu ikabaki hewani. Sijawahi kuachiwa shikamoo maishani mwangu. Nilihisi kama nimesimama bila nguo.

Nikasema yote hata hivyo. Nikasema mume wangu hakujua, nikasema mimi ndiye niliyehesabu na kuandika. Nikamweleza habari za baba yangu na mbuzi wake.

Mama Naserian ndiye aliyejibu, kutokea ndani. "Kumbe huko milimani mbuzi hawana haya!"

Mzee akaweka mpini chini. "Kwetu sisi," akasema, "anayehesabu ng'ombe wa mtu ni mwizi au ni serikali. Wewe ni yupi?"

"Mimi ni mjinga tu, baba."

Mzee akaniangalia. "Huyo wa tatu," akasema, "sikumfikiria." Halafu, polepole: "Marahaba."

Nililia palepale. Mama Naserian akasema nisilie karibu na maziwa, yataganda.

Elikana hakujitetea hata kidogo. Aliomba tu kuona ndama. Akawapapasa chini ya masikio, akakuta matezi yamevimba. Ndigana, ugonjwa wa kupe, na mvua hizi kupe wamejaa. Watatu akawachoma sindano. Wa nne, yule asiyesimama, alimwekea sikio kifuani, akainuka.

"Mzee, huyu nimemchelewa. Dawa yangu haitamwokoa, nisikudanganye uilipie bure."

"Kwenye simu ulisema hakuna unaokushinda."

"Kwenye simu sikuwa mimi, mzee."

Mzee Saning'o akatikisa kichwa. Kisha Mama Naserian akauliza mtu anaujuaje ugonjwa huo mapema, na mume wangu akapiga magoti tena topeni kumwonyesha: weka vidole hapa, sikia, kama punje ya korosho, ukiikuta na ndama ana joto, usingoje kesho. Kupe unawatafuta hapa, na hapa. Kuwaogesha joshoni usikose hata kama mvua inanyesha. Aliongea kama mto! Alikuwa anaongea na mtu mmoja aliyeuliza swali, na ile hofu yake yote haikuwepo.

Nimerudi nimechubuka miguu yote miwili. Nampenda, nampenda.

6 Aprili

Leo baada ya kanisa tulikuwa tunachambua maharage. Nilimuuliza, kwa kuwa kweli nilitaka kujua, kwa nini kuku hufa kwa wingi mvua zikizidi. Akaanza kunieleza. Katikati nikasema, "Ngoja. Naomba nirekodi sauti. Usiitazame simu. Ongea na mimi."

"Na wewe tu?"

"Mimi tu."

Dakika tatu, maharage yanasikika yakidondoka kwenye sufuria. Ameeleza ugonjwa wa mdondo, jinsi matone ya chanjo yanavyowekwa jichoni, na kwamba kuku akishaugua chanjo haimsaidii tena, "kwa hiyo usiniite wakati huo, nitakula nauli yako bure." Nikacheka, na kicheko changu kimo.

Safari hii nilimwomba aisikilize kwanza. Akakunja uso, akasikiliza mara mbili. "Huyu ni mimi," akasema.

Tumekubaliana: hatutaji mtu, hatutaji idadi, hatujisifu. Anasema mtu anachoweza kufanya mwenyewe, na lini inafaa kuita mtaalamu. Na anayetumiwa ni yule aliyekubali tu. Leo ni watu saba.

7 Aprili

Nimepata na kazi yangu mwenyewe! Kila mnyama aliyetibiwa, siku ya tatu mimi ndiye ninayepiga simu. Swali langu ni moja: "Amekula?" Leo nimeanza na wale ndama, ingawa siku tatu zimeshapita, na Mama Naserian amejibu, "Wamekula watatu, na mmoja wao amekula hadi kamba yake." Yule wa nne hakumtaja, nami sikuuliza.

11 Aprili

Hakuna mteja. Mvua tangu alfajiri.

13 Aprili

Sauti ya pili: kwato zinazooza kwa tope. Tumeirekodi nikimkata kucha za miguu, imetokea tu hivyo.

19 Aprili

Yule mama wa mbuzi na maganda ya mihogo! Amekuja na jirani zake wawili wanaotaka kuku wao wachanjwe. Nilidhani alituchukia. Akaniambia, "Nilikasirika, ndiyo. Nilikwenda kwa mwingine, akamchoma mbuzi sindano mbili. Nikarudi nyumbani nikafikiri: huyu wa kwanza angeweza kula hela yangu, hakula." Akamwamkia mume wangu kwa heshima kama mchungaji.

Costancia alikuwa anasikiliza mlangoni. Nilimwangalia tu. Akasema, "Haya, haya, bi harusi. Usinitolee macho."

20 Aprili, Pasaka

Kristo amefufuka! Mama amepiga simu kutoka Mamboya. Amesikia sauti ya Elikana kwa mtu wa kwaya, imefika hadi huko mlimani bila sisi kuipeleka. Amesema, "Mwanangu, mumeo anaongea na wewe vizuri." Mwanamke aliyelea watoto sita hasemi hivyo bure.

2 Mei

Meneja wa ranchi ametuma ujumbe kukumbusha. Wateja wanaongezeka, lakini taratibu, kama maji ya kisima. Nilitaka kusema tuweke tena bango kubwa, tukodi gari la matangazo. Niliuma ulimi.

10 Mei

Amenunua begi. Amesema ni la vifaa. Nimelifungua alipotoka, ni la nguo. Sikumuuliza. Nilipiga pasi mashati yake yote, hata yasiyohitaji, na machozi yakawa yanafanya kazi ya maji.

11 Mei

Tulirekodi kama kawaida. Nilimuuliza swali, sauti ikanikatika. Akasubiri nimalize. Kisha akalijibu taratibu sana, kuhusu ng'ombe mwenye mimba anavyohitaji kutulia. Hatukuifuta. Wanawake watatu wamenijibu wakiuliza naendeleaje mimi, siyo ng'ombe. Asante Mungu kwa watu wasiojuana nami wanaonijua.

15 Mei

Mteja kutoka Ulaya. Na mwingine.

16 Mei

Ulaya tena, halafu Kilosa mjini.

17 Mei

Amerudi ameshindwa kuvua buti, amelala nazo.

21 Mei

Nimejua kinachoendelea. Mzee Saning'o hana kundi la simu wala status. Anacho kitu kimoja: siku ya mnada anakaa na wenzake, na akiulizwa anajibu. Elikana alikutana na mmoja wao akamwuliza mzee alimsifuje. Mtu yule akasema, "Hakukusifu. Alisema kuna ndama ulishindwa, na ukamwambia. Sisi tunatafuta mtu wa hivyo."

Nimekaa nikitafakari hilo mchana kutwa. Mimi niliwaambia watu wote hashindwi, na karibu nimpoteze. Mzee akawaambia ameshindwa, na simu hazikatiki.

26 Mei

Mvua zinaondoka. Anga limeoshwa, milima inaonekana yote hadi mikunjo yake. Costancia ameniomba nimfundishe. Sasa ameandika kwenye status: "Rangi hii inakaa siku nne, ukiosha vyombo sana ni tatu." Amesema amepata wateja wachache kuliko kawaida, ila hakuna aliyerudi kumtukana. Namwona mwanamke wa ajabu, kama mwanzo, ila sasa kwa sababu nyingine.

31 Mei

Meneja wa ranchi alipiga simu saa nne asubuhi. Sikutaka kusikia, nikatoka nje kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Lakini dirisha lilikuwa wazi.

"Nashukuru sana, bosi, kwa kunifikiria," mume wangu alisema. "Ila siji. Nina kazi hapa."

Nilishika ufagio kwa mikono miwili.

Nadhani yule bwana aliuliza kazi gani, kwa sababu Elikana alianza kumweleza. Alimweleza habari za kupe wa masika na matezi chini ya masikio. Alimweleza anavyotumia vidole kabla ya dawa. Alimweleza asichokiweza, na anampeleka nani mwenye tatizo hilo. Alisema, "Na mke wangu huwapigia siku ya tatu, yeye ndiye anayejua nani amepona." Hakukwama popote. Alitembea chumbani huku na huku, sauti yake ndogo imejaa nyumba, na mwisho nikasikia amenyamaza, anasikiliza, kisha anauliza kwa upole, "Ameanza lini kukohoa huyo dume? Na majani anakula?"

Nilihesabu dakika, kumi na mbili. Dakika zinaruhusiwa kuhesabiwa.

Alipotoka nje alikuwa ameduwaa. "Ameomba tumtumie zile sauti," akasema. "Anataka kuwasikilizisha vijana wake."

"Kwa hiyo umejitangaza hadi Katavi," nikamwambia.

"Mimi? Aliuliza tu, nikamjibu."

Basi nikamwangushia ufagio miguuni na kumkumbatia hapo hapo uani, mchana kweupe, Costancia akipiga vigelegele kutoka mlangoni kwake na madereva wa malori wakipiga honi barabarani. Mume wangu aliona haya mpaka masikio. Hakuniachia.